Protini ya Bahari

Nilirudi Arusha kutoka chuoni nikiwa mtaalamu wa minyoo ya baharini, kwenye mji usio na bahari. Baba mdogo, aliyeacha ualimu biashara huria ilipoanza akafungua duka la dawa mtaa wa Sakina, aliniuliza nilichosomea.

"Mnyoo akikaribia kuzaa, misuli yake huyeyuka," nilimweleza. "Protini yake inaingia kwenye mayai."

"Kwa hiyo inasaidia uzazi?"

"Uzazi wa mnyoo, baba."

Wiki iliyofuata nilikuta makopo dirishani: "Protini ya Bahari, Huleta Watoto. Imethibitishwa na Mtaalamu." Mtaalamu nilikuwa mimi. Ndani ya makopo mlikuwa na dagaa waliosagwa na unga wa mahindi.

Mama mmoja kutoka Oldonyo Sambu alinishika mkono kunishukuru. Nikamwambia ukweli, kwamba ni dagaa.

"Dagaa wa mtaalamu," akanijibu kwa heshima, akalipa.

Nilimvuta baba mdogo pembeni nikamwambia kwamba yule mnyoo akishazaa hufa.

"Hilo usiwaambie wateja," akasema.

Mwaka uleule alinunua pikapu. Mimi na shahada yangu tulikuwa tukiomba lifti.