Mbao Nne za Podo

Jumapili ile uani kwetu Mangobo, hapa Kisangani, tulikuwa wanne: mimi, wadogo zangu wawili wa kike, na jirani yetu, mzee mmoja wa Maniema, seremala aliyestaafu kwa sababu ya macho. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufa, papa kwanza, mama mwaka uliofuata.

Kitinda mimba alikuwa amepata nafasi ya kujifunza kushona katika karakana moja. Pale kila mwanafunzi huja na meza yake. Asipofika na meza Jumatatu asubuhi, nafasi inapewa mwingine. Hilo lilikuwa jukumu langu, na mbao tulizokuwa nazo zilikuwa nne tu, za podo.

Podo ni mti wa milima ya Kivu, kwa akina papa. Majani yake ni membamba, na katika msitu wetu huku haumei. Kule wanatengeneza nao makabati, vitanda na meza. Mbao zake ni nyepesi, za njano, hazina harufu. Ukizisimamisha kwenye udongo zinaoza upesi. Papa alishuka nazo alipohamia Kisangani, akazihifadhi juu ya boriti za jikoni, moshi uzikinge na wadudu.

Nilipoziranda, kitinda mimba, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, akacheka. “Yaya, watasema nimeleta meza ya ndizi mbivu!”

“Utashonea hiyohiyo ndizi,” nikamjibu.

Nilikuwa nimechoka. Wiki nzima nilikuwa nimeranda mbao za watu, mbao za huku, ngumu, ambazo usipotoboa kwanza msumari unapinda. Hizi zilikuwa laini. Nikaona hakuna haja ya kutoboa. Nikapiga msumari mkubwa karibu na ncha, ubao ukapasuka mpaka katikati. Nikadhani ni ubovu wa ubao ule, nikapigilia ubao wa pili. Ukapasuka vilevile. Wa tatu nao.

Jirani akasema kutoka kwenye kiti chake, “Bon, uko natengeneza meza ao uko napasua kuni?”

Hakuna aliyecheka. Kitinda mimba alikuwa ameshika vipande viwili, anajaribu kuviunganisha kwa mikono.

“Podo lazima utoboe,” mzee akaendelea, “ao ugonge ncha ya musumari kwanza, iwe butu. Papa yako alikuwa nafanya vile kila siku. Hukumuona?”

Sikumuona. Papa alipokuwa akifanya kazi nilikuwa shuleni, na nilipoacha shule, katika mwaka wa pili wa sekondari, yeye alikuwa kaburini.

Mzee akainuka, akaenda kwake, akarudi akiburuta mbao nne za lifaki, mti mwekundu wa msitu wetu. Alikuwa ameziweka kwa ajili ya mlango wa chumba chake, kilichozibwa kwa kitenge tu.

“Papa, hapana,” nikasema.

“Kamata. Utarudisha mbao kwa mbao. Mwizi hana kazi na shuka zangu.”

Nilitoboa kila tundu. Asubuhi tuliibeba meza kwa miguu, mimi mbele, wadogo zangu wawili nyuma, nzito kama jeneza, na kitinda mimba akaandikwa.

Sasa ni mwaka wa pili tangu siku ile. Tajiri wangu akinipa ubao mzima badala ya malipo, naupeleka kwa mzee. Mlangoni kwake bado kunaning’inia kitenge. Nimerudisha mmoja. Zimebaki tatu.