Kibali cha Mtu wa Watu

Sijawahi kuona kazi ya kuchunguza tabia ya mtu ikifanywa kijinga kama ilivyofanywa kijijini kwetu, Kinyala, mwaka ule mume wangu alipoomba kusajiliwa kuwa mkandarasi. Nasema kijinga kwa sababu neno kali kuliko hilo mama yangu hakunifundisha.

Zilikuwa enzi za ruksa. Saruji ambayo zamani uliipata kwa barua ya mkubwa fulani, sasa ilikuwa imepangwa madukani mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini, unanunua upendavyo. Bati zipo, misumari ipo, rangi za kila namna zipo. Serikali nayo ikaacha kujenga kwa mikono yake, ikawa inatoa kazi kwa watu binafsi, mradi wawe wamesajiliwa. Ukiwa na kibali unapewa shule, unapewa soko. Usipokuwa nacho, hata kama umejenga nusu ya kata, utabaki kibarua wa mwenye kibali. Ndiyo maana mume wangu alikitaka, na ndiyo maana nami nilikitaka pengine kuliko yeye.

Sitampamba. Mume wangu alikuwa mtu mgumu. Salamu zake zilikuwa fupi, ulimi wake ulikata, na akiona tofali limelazwa vibaya alimtukana aliyelilaza mbele ya mke na watoto wake. Nimemnunia mara nyingi, na mara nyingi nilikuwa na haki. Lakini nyumba alizojenga zilisimama, na huku kwetu ambako mvua hainyeshi kwa kubahatisha, hilo si jambo dogo.

Walioomba kibali kutoka kijijini walikuwa wawili. Wa pili alikuwa bwana mmoja wa hapa hapa, aliyerudi kutoka Mbeya na pikapu. Alianza kwa kuuza mitumba, akaingia kwenye mbao, kisha siku moja akasema yeye ni mjenzi. Simlaumu kwa mitumba, sote tuliivaa. Alipendwa kuliko mchungaji kwa sababu moja: pikapu yake ilibeba maiti bure. Mtu akifia hospitali ya wilaya, hata barabara iwe tope la magotini, yeye atakwenda kumleta. Mama yangu mzazi alirudishwa nyumbani kwa pikapu hiyo. Nilimshika yule bwana mikono miwili nikamwambia, “Ndaga fijo, baba,” asante sana, na nilimaanisha. Alikuwa hakosi msiba. Anafika wa kwanza, anapasua kuni, anakaa na wazee juu ya majani ya migomba mpaka siku ya kutawanyika. Watu wakamwita mtu wa watu.

Mume wangu misibani alikuwa balaa. Kwetu ukienda msibani unakaa. Huendi kuzika halafu ukaondoka kama aliyepeleka mzigo. Unalia na wenzako, unakula kilichopikwa, unalala hapo, na anayeondoka mapema hujulikana na kusemwa. Basi siku ya kumzika mama yake mjumbe wetu wa nyumba kumi, mume wangu aliamka akaenda kumwaga zege la lenta, ule mkanda unaopita juu ya milango na madirisha, ya zahanati. Nilimkataza. Akasema vibarua wameshafika kutoka mbali, hawezi kuwarudisha. Akaja msibani na zege limemkaukia kwenye kucha. Mchungaji hajamaliza kusoma, wingu likaanza kushuka kutoka mlima Rungwe, na anayeishi huku anajua wingu hilo halina utani. Mume wangu akatazama juu, akainuka, akapita katikati ya wafiwa, akaenda kukata majani ya migomba afunike zege lake lisioshwe na mvua. Jeneza lilikuwa bado juu. Hakurudi tena siku ile.

Lenta ile ipo mpaka leo, haina ufa. Lakini mjumbe aliona mgongo wa mtu ukiondoka kabla mama yake hajaingia kaburini, na mimi simlaumu kwa kuumia.

Baada ya maombi kupelekwa, walikuja maofisa wawili kutoka mkoani kuuliza habari za waombaji. Wakakaa barazani kwa mjumbe. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake tulioitwa kuwapikia, kwa hiyo haya sikuhadithiwa, niliyasikia kwa masikio yangu. Waliuliza kama mwombaji amewahi kufungwa. Waliuliza kama ni mlevi, kama ni mgomvi, kama anaelewana na majirani. Maswali mazuri tu, kama ungekuwa unamtafutia binti yako mchumba.

“Huyu wa pikapu,” mjumbe akasema, “huyo ni mtu wa watu. Hakosi msiba. Muulizeni yeyote.”

Wakamwuliza mzee wa kanisa, akasema vivyo hivyo. Wakauliza habari za mume wangu. Mjumbe akakohoa, akatazama chini.

“Yule bwana, nisemeje? Hajafungwa. Pombe hanywi. Lakini anajitenga. Mtu anayemwacha marehemu hajazikwa, ninyi wageni mnamwonaje?”

Wageni wakatikisa vichwa, wakaandika. Hakuna aliyeuliza alikuwa amekwenda wapi. Hakuna aliyeomba kuonyeshwa hata ukuta mmoja, wa huyu wala wa yule. Zahanati ilikuwa pale chini, unaiona ukiwa umekaa kwenye kiti.

Nilikuwa nimeshika sinia la ndizi. Nikashindwa kunyamaza. “Jengo lile kajenga yeye,” nikasema. “Shukeni mkaliangalie kabla hamjaondoka.”

“Mama,” mjumbe akaniambia kwa upole, “wageni hawajala.”

Nikaweka sinia. Mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyoliweka taratibu, bila hata mchuzi kumwagika, najichukia.

Yule wa pikapu akapata kibali. Mume wangu aliambiwa hana sifa za kuaminiwa na jamii. Muda si mrefu shule yetu ikapata msaada wa kujengewa vyumba viwili vya madarasa, na unajua kazi alipewa nani. Watoto lazima wale, kwa hiyo mume wangu akameza kiburi chake akaenda kuomba kazi ya kujenga chini ya yule bwana. Hakumaliza wiki. Alirudi nyumbani na hasira, akaniambia mchanga ule ni udongo mtupu, na saruji inatiwa ya kuonja, kama chumvi kwa mgonjwa. Zaidi ya yote alilalamikia gebo, ule ukuta wa pembetatu unaopanda juu ya lenta kushika paa. Lilikuwa limepandishwa refu, bila kitu cha kulifunga na ukuta wa chini. Alikuwa ameshamtukana mwenye kazi mbele ya vibarua wote, bila shaka. Mume wangu hakujua njia nyingine ya kusema jambo la kweli.

Akaenda kwa mjumbe. “Gebo lile litaanguka. Twende nikakuonyeshe.”

“Fundi,” mjumbe akamjibu, “wivu ni mbaya.”

Hakuishia hapo. Alisema kanisani mlangoni, alisema mashineni penye foleni ya kusaga, alimwambia mwalimu mkuu: mvua zikikolea, litaanguka. Watu wakacheka. Binti yetu alikuwa darasa la tatu, na darasa la tatu ndilo lililohamishiwa humo. Baba yake akamwagiza akae upande wa mbali na gebo, na mwalimu akamrudisha mahali pake kwa sababu kila mtoto ana dawati lake. Nilikuwa nikisikia ngurumo naacha jembe shambani, nasimama nasikiliza upande wa shule.

Gebo liliangukia nje, saa ya mapumziko, mvua inanyesha. Watoto walikuwa wamejibanza kwenye madarasa ya zamani. Jirani yetu, mama aliyekuwa akiwauzia maandazi, alikuwa amejikinga chini ya upenu wa jengo jipya. Huyo ndiye aliyeninyonyeshea binti yangu nilipougua baada ya kujifungua. Nilipofika walikuwa wanamtoa chini ya matofali. Ndoo yake ya maandazi ilikuwa nzima, hata kifuniko hakikutoka. Alifia hospitalini jioni ile.

Na nani alimleta nyumbani? Pikapu. Yule bwana aliendesha mwenyewe, polepole, taa zinawaka mchana. Alipasua kuni. Alitoa ng'ombe dume wa msiba. Alikaa na wazee usiku na mchana, na kila aliyefika alimshika mkono na kumshukuru. Nilikuwa nawatazama. Mume wangu naye alikaa, mwisho wa mstari wa wanaume.

Tulipokwisha kuzika, mjumbe akamgeukia mume wangu mbele ya watu wote.

“Fundi, nikuulize, na usinielewe vibaya. Ulisema litaanguka, likaanguka. Wewe ulijuaje?”

Watu wakageuka kumtazama. Kwetu anayeulizwa hivyo penye kaburi haulizwi. Anaambiwa yeye ni mchawi, na wote waliokaa pale walilijua hilo, hata watoto. Mume wangu, mwenye ulimi ule, akabaki anatazama udongo wa kaburi.

Nikainuka mimi. Mwanamke hainuki katikati ya wanaume msibani, lakini niliinuka. “Alijua kwa sababu aliangalia!” nikapiga kelele. “Alikuita uangalie ukakataa! Wale wa mkoani niliwaambia waangalie, ukasema hawajala! Aliyemuua amekaa hapo kwenye majani, mnampa mikono!”

Wanawake wakanivuta kanga, kaa mama, kaa, usitutie aibu. Sikukaa. Ndipo yule bwana akainuka, akanijia polepole, machozi yanamtiririka, tena machozi ya kweli, naapa. Akaniwekea mkono begani.

“Pole, mama. Uchungu ni wetu sote,” akasema. “Njoo nikurudishe nyumbani na gari.”

Nyuma yangu mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, “Unamwona? Hana kinyongo hata kidogo.”