Kompyuta Niliyomchagulia Dada Yangu

Mimi ni mtu wa kujibu kabla sijaelewa swali. Mke wangu hunicheka kwa hilo hadi leo. Wanafunzi wangu wa Kibabi, nilikofundisha darasa la sita miaka yote ile ya vita, walinijua vizuri: ukitaka mwalimu akosee, muulize mbele ya watu jambo asilolijua. Neno "sijui" lilikuwa halinitoki mdomoni hata kwa kunyongwa. Nayaandika haya mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mkosaji mwingine. Vita vilikuwepo, ndiyo, na virusi vya kompyuta vilikuwepo, lakini mkosaji ni mimi.

Dada yangu anayenifuata alikuwa akifanya kazi katika kituo kidogo cha afya huko Walikale. Masomo yake ya uuguzi alikuwa ameyamaliza yote, akabakiza kitu kimoja tu, ile kazi ya kufunga masomo ambayo kwetu tunaiita TFC. Unaiandika mwenyewe, unaipeleka, unasimama mbele ya walimu kuitetea. Usipoitetea hujahitimu, hata ukiwa umezalisha akina mama wilaya nzima. Utabaki msaidizi, utapima homa na kuchemsha vyombo, na siku moja ataletwa mtu mwenye diploma, mdogo kuliko wewe, aje akuamuru. Dada aliitaka diploma ile kwa moyo wake wote. Alichagua kuandika juu ya akina mama waliojifungulia njiani na porini wakati wa kukimbia. Alikaa nao mmoja mmoja, akawasikiliza, akaandika.

Kisha akanitumia bahasha kupitia dereva wa pikipiki. Ndani mlikuwa na akiba yake yote na karatasi iliyochanwa kwenye daftari: "Kaka, uninunulie machine ndogo kule Sake, ata kama ilishatumika. Lakini ikuwe na Linux, kama ile ya kwa mapadri kwenye nilijifunzaka. Ile njo ninajua. Usisahabu." Neno Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, alilipigia mistari miwili chini. Niliisoma, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikajiambia kwamba huyu mtoto wa kike hajui anachokitaka.

Sake kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, mzee mtaratibu, rozari shingoni, aliyeuza redio, betri, sabuni na kompyuta chache zilizotumika Ulaya. Alinitolea mbili, nyeusi, za kampuni moja na ukubwa mmoja. Akaziwasha pamoja juu ya meza. Moja ilikuwa na Windows, yenye rangi zake na mlio wake ambao kila mtu Sake aliujua. Nyingine ilikuwa na Linux, imetulia, vialama vyake vimejipanga upande wa kushoto. Haikuwa na sura mbaya. Ilikuwa ngeni kwangu tu.

"Hii ya Linux inachezaka filamu?" niliuliza.

"Inacheza, Mwalimu. Na kuandika unaandika vizuri, yote iko mu Kifaransa."

"Na kuweka miziki mu téléphone za watu?"

Akajikuna kichwa. "Inaweza. Lakini ile programu bantu ba huku banazoea, haiingie mu hii. Ni kujifunza ingine." Kisha akaniangalia. "Mwalimu, machine iko ya nani?"

"Ya dada yangu, wa Walikale."

"Na yeye alisema anataka gani?"

Hapo nikapandisha hasira, maana karatasi ilikuwa mfukoni na nilihisi kama mzee yule anaiona. Nikamwambia mimi ndimi kaka mkubwa, na kwetu mkubwa haendi sokoni na masharti ya mdogo wake. Akasema, "Basi, Papa, hakuna shida," akaizima ile ya Linux, akaifunga.

Ukweli wenyewe huu hapa. Kibabi ya siku zile, mwenye kompyuta alikuwa bwana. Watu walishuka vilimani na simu zao wawekewe nyimbo na filamu, wakakaa kwenye benchi kwako, wakakuamkia kwa heshima. Nilikuwa nimemwona mtu wa namna hiyo Sake, foleni mlangoni, nikamwonea wivu. Nikawaza kwamba kabla sijaituma mashine Walikale, itapumzika kwangu wiki chache. Nani atajua? Ndiyo maana niliitaka Windows. Sababu nyingine zote nilizitunga baadaye.

Wiki chache zikawa mwezi na zaidi. Dada akipiga simu namwambia barabara mbaya, na kwa kweli ilikuwa mbaya, kwa hiyo hata sikujiona mwongo. Huku nyumbani nilikuwa na raha yangu. Flashi za watu wote zilipita kwenye mashine ile: za wauza maharagwe, za madereva wa pikipiki, za askari waliokuwa wakishika kilima wiki ile na za wale waliowafukuza wiki iliyofuata. Sikuikagua hata moja. Mwishowe nikaifuta vumbi, nikaifunga kwa nguo, nikaiingiza katikati ya gunia la maharagwe, nikamkabidhi dereva.

Dada alipiga simu siku ilipofika. "Kaka, hii si ile nilikuomba."

"Za Linux zilikuwa zimeisha," nikamdanganya. "Na hii njo bote banatumikishaka. Utazoea tu."

Akasema, "Aksanti, Kaka." Alinishukuru, mama wee! Asante ile inaniuma kuliko tusi.

Sasa lazima nieleze jinsi watu wa kule walivyokuwa wakifanya kazi, maana asiyeishi vile hawezi kuelewa. Hakuna aliyeacha kitu ndani ya kompyuta. Kompyuta huporwa. Tena wenye silaha wakiiwasha na kukuta majina ya watu, watakuuliza majina hayo ni ya nini, na hapo hakuna jibu zuri. Kwa hiyo mashine ya dada ilikuwa tupu siku zote. Kazi yake yote aliitunza kwenye flashi moja, na flashi aliifunga kwenye pindo la kitenge alichovaa. Milio ikianza, mashine inabaki, flashi inakimbia naye. Hata makaratasi ya mazungumzo na akina mama, kila alipomaliza kuyanakili aliyatia motoni. Nani angemlaumu? Ilikuwa akili safi kabisa.

Mwanzoni, kila alipochomeka flashi, mafaili yake yalionekana na kimshale kidogo pembeni. Kwa vile hakuijua Windows, alidhani ndivyo ilivyo. Angekuwa kwenye mashine aliyoizoea, sura ile ingemshangaza siku ya kwanza. Aliandika hivyo miezi kadhaa. Ilikuwa imebaki sura ya mwisho, na tarehe ya kutetea alishapewa.

Siku hiyo nilikuwa uwanjani pa shule, mapumziko ya saa nne, nimesimama na mkurugenzi, mkuu wa shule yetu, na walimu wawili. Simu ikalia. Dada alikuwa amepanda kilima cha nyuma ya kituo, penye mtandao, kompyuta ameibeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto.

"Kaka, kazi yangu haifunguke. Nikibonyeza inasema haione kitu."

"Ni virusi," nikasema kwa sauti, walimu wasikie.

"Nifanye je?"

Jamani. Sake ilikuwa umbali wa safari ya pikipiki. Yule mzee wa Butembo angenieleza kwa dakika tano. Ningesema tu, dada, sijui, usiguse kitu, ngoja nikaulize. Lakini mkurugenzi alikuwa ameinamisha sikio, na mimi ndimi niliyekuwa mtaalamu wa kompyuta wa Kibabi nzima.

"Fomati flashi," nikasema.

Kwetu kufomati ilikuwa dawa ya kila ugonjwa. Simu ikigoma, fomati. Kadi ikikataa wimbo, fomati. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefomati flashi za watu nisizozihesabu, na nyimbo zikapotea, tukaweka nyingine, tukacheka. Nikamwelekeza hatua kwa hatua: bonyeza kulia, shuka, hapo hapo.

"Kaka, iko inasema byote bitafutika."

"Inasemaka vile kila mara. Bonyeza."

"Uko na hakika?"

"Dada, machine nilinunua mimi ao ulinunua weye? Bonyeza!"

Ilikuwa akiba yake, na nilimwambia maneno hayo. Nilisikia upepo wa kilimani. Kisha: "Imeisha."

"Haya, fungua sasa."

"Iko tupu."

"Ngoja kidogo, bitarudi."

"Kaka. Iko tupu."

Nikakata simu. Nikawaambia walimu mtandao umepotea, nikaingia darasani nikaandika hesabu ubaoni. Sikumpigia tena siku tatu, kwa woga.

Hakuweza kuianza upya. Makaratasi alikuwa ameyachoma, na akina mama wale walikuwa wametawanyika, wengine Masisi, wengine makambini, wengine hakuna aliyejua. Tarehe ya kutetea ikapita. Mapigano yakafunga barabara, kisha chuo chenyewe kikahama. Akaletwa mkuu wa kituo mwenye diploma, binti ambaye dada alikuwa amemfundisha kushika sindano. Dada alivumilia mwaka, mapigano yakafika na pale, akakimbia kwa miguu hadi Shasha, kando ya ziwa. Akabaki huko, akawa anauza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, pamoja na wanawake wengine kando ya barabara. Watu wakiniuliza habari zake nilikuwa nikisema vita vilimkatiza masomo. Sentensi nzuri ile. Kila mtu anatikisa kichwa, anasema pole, hakuna anayeuliza zaidi.

Niliisema hadi mwaka ule nilipoteremka Sake kupiga chapa mitihani ya shule, na flashi yangu mwenyewe ikanifanyia mambo yale yale: vimshale, na hakuna kinachofunguka. Jasho likanitoka. Mama mmoja aliyekuwa akiwaandikia watu barua na maombi ya kazi aliichukua flashi, akaichomeka kwenye mashine nyingine iliyokuwa pembeni. Mafaili yangu yakatokea yote, moja baada ya jingine, mitihani ya mwaka huo na ya miaka ya nyuma.

"Hii ya pembeni iko na Linux," akasema. "Bile virusi habipoteze kazi ya muntu, Papa. Binaifichaka tu. Mu Windows pia tungeirudisha, ingetuchukua muda kidogo. Bantu bengi banakimbilia kufomati, njo banapoteza."

Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki nikashindwa kuinuka. Aliniuliza kama nina malaria. Nikamjibu ndiyo.

Sikurudi Kibabi siku hiyo. Nilipanda pikipiki hadi Shasha nikamkuta dada anaanika sambaza juu ya turubai, mikono imejaa magamba. Amezeeka upande wa macho. Alifurahi kuniona, akanitafutia kigoda, akaanza kuulizia watoto. Nikamkatiza. Nilisema yote kwa mara moja, maana ningepumua nisingeendelea: kwamba kazi yake ilikuwa mle mle ndani ya flashi, nzima, imefichwa tu, kwamba mimi ndimi niliyemwambia aifute, kwamba virusi vyenyewe vilitoka kwangu, kwamba Linux hazikuwa zimeisha.

Aliendelea kutandaza sambaza. Kisha akauliza, "Na weye ulitakaka Windows ya nini?"

"Filamu," nikasema. "Na kuwekea bantu miziki."

"Miziki."

"Ee."

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, Mungu ananijua. Alikaa chini kwenye ukingo wa turubai, akajifuta mikono kwa nyasi, kidole kimoja kimoja.

"Diploma nilishasahabu, Kaka," akasema. "Ni bale bamama. Kuko benye balizikaka batoto babo mu pori, bakanipatia majina yabo. Niliyaandika yote. Balisema angalau ibakie mu kitabu." Akaelekeza kidevu barabarani, kule wanawake walikopita na mizigo wakielekea sokoni. "Banapitaka hapa kila juma. Bananiuliza, kitabu yetu ilishaisha? Minabaambiaka bado kidogo. Niliwaza pengine siku moja utapata muntu wa kuirudisha."

Mwanamke mmoja akajitenga na wenzake barabarani, akaweka mzigo chini, akaanza kuja upande wetu huku akipunga mkono. Dada akainuka, akajikung'uta kitenge.

"Huyu njo mumoja wabo," akanong'ona. "Leo umujibu weye."