Mzee Nzivo na Viatu vya Wazi

Mpaka mke wake Ndete alipofariki, Mzee Nzivo alikuwa hajawahi kununua kiatu cha mwanamke. Miaka yake ya nguvu aliimaliza kwenye usukani wa lori, kati ya Mombasa na Malaba, na mambo ya nguo na viatu pale nyumbani, mtaa wa Ziwani, Nairobi, yalikuwa ya mama. Yeye akipewa shati, anavaa. Basi.

Ndete alikwenda mvua za masika zilipokuwa zikiisha. Sasa ilikuwa Januari na joto lilikuwa limeingia hadi ndani ya mito ya kulalia. Wapita njia walimsalimu mzee, akaitikia kwa kuinua mkono. Maneno yalikuwa yamemwisha.

Alibaki na binti yake, Nthambi. Nthambi alizaliwa mguu wa kushoto ukiwa mdogo kuliko wa kulia. Si kitu cha kumkataza kutembea. Ni namba mbili tu za kiatu. Lakini ukinunua kiatu cha mguu mkubwa, ule mdogo unaogelea ndani. Kwa hiyo mama yake alikuwa akimnunulia viatu vyeusi vya kufungwa, anajaza pamba kwenye ncha ya kile cha kushoto, na watu hawajui. Joto likija, pamba inaloa jasho, ngozi inachubuka, binti anatembea akiburuta mguu. Kiatu cha wazi hakuwahi kuvaa. Pamba ataificha wapi?

Nthambi alikuwa na kazi kwenye duka la madera la mwanamke mmoja anayeitwa Sabrin, kule Eastleigh. Alikaa stoo, akikunja na kupanga. Sasa Sabrin alitaka kumleta mbele. Kazi ya mbele ni kulivaa dera lenyewe, kusimama mlangoni, na kupigwa picha za kutumiwa wateja kwenye simu. Sabrin alisema Nthambi ana kimo na ana uso wa kuuza nguo. Ila dera jepesi la joto halivaliwi na kiatu cha kufungwa kama cha askari jela. Aje na sandali Jumatatu. Asipokuja nazo, nafasi atapewa mwenzake.

Ijumaa jioni Nthambi alimwambia baba yake kwamba hiyo nafasi ataiacha iende. Alisema akivua viatu, na mzee akaona soksi imegandana na kidonda cha kisigino. 

Asubuhi, kabla binti hajaenda kazini, mzee alilaza kipande cha katoni sakafuni akamwambia asimame juu yake. Nthambi akauliza ni cha nini.

"Simama tu."

Akaizungushia mstari wa makaa miguu yote miwili. Binti alipoondoka, alikata ile michoro kwa kisu, akaitia mfuko wa koti, akashuka soko la Gikomba kwa miguu.

Wauzaji wa Gikomba walimchosha. Wa kwanza alimwambia viatu huuzwa jozi. Wa pili akamshauri aende dukani anunue jozi mbili mpya za aina moja, nusu atupe. Mzee aliona hiyo ni dhambi. Na kwenye mtumba haiwezekani pia, maana kila jozi huja na sura yake, ukipata mbili zinazofanana ni bahati.

Mwishowe akafika kwa Nduta, mama mnene aliyekaa chini ya mwavuli, amezungukwa na lundo la viatu vya wazi vya kina mama. Nduta alichukua vile vipande vya katoni, akatazama kimoja, akatazama kingine.

"Mzee, una wake wawili? Na kila mmoja umemchora mguu mmoja?"

Kina mama wa meza za jirani walicheka mpaka wakashikana mabega. Nzivo hakucheka, wala hakukasirika.

"Ni mtu mmoja. Binti yangu."

Nduta akaacha mzaha. Akamsogezea kigoda, akaanza kumfundisha mambo ambayo Ndete lazima aliyajua, na ambayo mumewe hakuwahi kuyauliza. Kwamba wakati wa joto plastiki inayong'aa inachemsha mguu, atafute ngozi laini. Kwamba kiatu kinakunjwa mkononi kwanza: kikipinda penye vidole ni kizuri, kikipinda katikati kirudishe. Kwamba mtu wa kusimama kutwa hatakiwi kuvaa soli nyembamba kama chapati, wala kisigino kirefu. Mkanda wa juu uwe mpana usikate nyama, na mwingine upite nyuma ya kisigino, mguu usichomoke. Rangi je? Nduta aliuliza binti anavaa nini. Aliposikia madera, akasema dera tayari lina maua ya kutosha bustani nzima, kwa hiyo kiatu kiwe kimya. Kahawia ya ngozi ya mtu. Hiyo haigombani na nguo.

Mzee alikunja kiatu kimoja, akakunja kingine, akavipima na katoni zake. Jua likapanda. Kikimfaa mguu mmoja, kilimkataa wa pili.

Alikuwa amesimama kujipangusa vumbi aondoke, ndipo akaja mama mmoja wa buibui, jina lake Hibo, akianza kusema akiwa bado yuko mbali. Jana alinunua sandali za kahawia hapa, zimefungwa pamoja kwa uzi. Kafika nyumbani, cha kulia kimemkubali, cha kushoto kimemkataa kabisa. Akaviweka mezani. Kulia thelathini na tisa. Kushoto thelathini na saba.

Nduta alishika kichwa. Mzigo wa juzi, alisema, ulikuwa na jozi mbili za sandali hizo hizo, na yeye alizifunga alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri, akaozesha wasiojuana. Akafukua lundo, akatoa ile jozi ya pili iliyokosewa vilevile kwa kinyume: kulia thelathini na saba, kushoto thelathini na tisa.

"Haya, nipe changu cha kushoto niende zangu," Hibo akasema, akanyoosha mkono kuchukua vyake.

Mkono ukakuta wa Mzee Nzivo. Alikuwa ameshavilaza vile vipande vya katoni juu ya sandali za Hibo, cha kushoto kwa kushoto, cha kulia kwa kulia. Vilikaa kana kwamba vilizaliwa hapo.

"Mzee anafanya nini na viatu vyangu?"

 Mzee alikohoa. Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu mazishi.

"Mama, ni haki yako. Ukivichukua sitakushika. Ila binti yangu ana miguu kama hii. Aliyekuwa akimtafutia viatu ni mama yake, na mama yake hayuko. Ameitwa kusimama mbele ya duka, na tangu azaliwe hajavaa kiatu cha wazi."

Hibo aliuliza duka la nani. Aliposikia la Sabrin, akaguna; hata hilo dera alilovaa ndani lilitoka huko. Akamgeukia Nduta.

"Na mimi nirudi peku?"

Nduta akamwambia achague zozote kwenye lundo, asiongeze hata shilingi.

"Hata zile ulizoficha nyuma ya mwavuli?"

Nduta alifumba macho. Zile alikuwa amemwekea mteja wake wa Donholm. "Hata zile," akasema kwa uchungu.

Hibo alizijaribu, akatembea kidogo, akakubali kwa kichwa. Zilikuwa nzuri kuliko alizoziacha, na kila mtu pale alijua. Alipoondoka alimgusa mzee koti.

"Mwambie binti asizivae na soksi. Nitapita kumwona."

Mzee alilipa, na ile jozi ya kinyume Nduta akaitundika kwenye mwavuli. Alisema Nairobi ina watu wengi, na mwenye mguu mdogo wa kulia yuko mahali, labda Huruma, naye atakuja.

Jioni Nthambi alizivaa. Mkanda wa nyuma ulishika vizuri, juu kidogo ya kidonda, bila kukigusa. Alisimama, akainama akatazama miguu yake muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona yote miwili nje, pamoja, ndani ya kiatu.

"Baba, tofauti inaonekana."

Alitaka aambiwe haionekani. Ndete angepata neno tamu la kumpa. Nzivo hakuwa nalo.

"Inaonekana," akasema. "Hebu tembea."

Nthambi alitoka nje, akaenda mpaka kwenye mfereji ambako majirani walikuwa wakichota maji, akawaamkia, akarudi. Mzee hakumtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Umesikia?" akamuuliza.

"Nini?"

"Huburuti."

Nthambi alirudi tena mpaka mfereji, peke yake, bila kuambiwa.

Jumatatu alikwenda nazo. Siku mbili hizo mzee alingoja habari. Jumatano Nzivo alishindwa kutulia, akajikongoja mpaka Eastleigh, akasimama ng'ambo ya barabara kama mtu anayeangalia masufuria. Nthambi alikuwa mlangoni kwa Sabrin, ndani ya dera la rangi ya chungwa. Sabrin alikuwa amelipandisha kidogo kiunoni kwa mshipi, lisifagie chini, kiatu kionekane. Wateja wawili walikuwa wameinama, wanauliza habari za sandali kuliko za dera, na binti alikuwa anacheka huku akiwaonyesha mkanda wa nyuma.

Alimwona baba yake. Akavuka barabara kumfuata, haraka, miguu yote miwili.

Mzee aliuliza kama kidonda kinauma. Hakiumi, kinakauka. Kisha Nthambi akamwambia Sabrin amefungua mzigo wa madera ya sherehe, meusi yenye nyuzi za dhahabu, na hayo yanataka kiatu cheusi.

"Cha wazi," akasema. "Utanitafutia, Baba?"

Nzivo alifikiri kidogo. Ile jozi ilikuwa bahati. Kupata nyingine kama hiyo kungemchukua siku nyingi za kuzunguka, kukunja soli, kuulizana na watu.

"Itachukua muda," akasema.

"Chukua muda."

Akashika njia ya Gikomba. Jua lilikuwa bado juu.