Mkojo wa Siku Nzima na Mukimo wa Mama

Wakuu, salamu kutoka Kaaga, Meru. Hii imenipata mimi mwenyewe na siongezi chumvi. Anayetaka kucheka acheke, mke wangu alishamaliza.

Mimi ni mtu wa nyumba. Kiatu changu kinachoisha haraka ni slippers.

Mwaka jana uso ukaanza kuwaka mwekundu bila sababu, na tumbo kuendesha mara saba kwa siku.

Mke wangu, Mama Kendi, akaniangalia. "Baba Kendi, unakunywa?"

"Ninywee wapi na sijatoka hii compound tangu Jumapili?"

"Ndio nauliza. Umeficha wapi?"

Alitafuta chupa hadi kwa store ya mahindi. Akapata slippers nilizokuwa nimepoteza.

Daktari alishuku kitu kingine. Alisema tumboni kuna seli zinaitwa neuroendocrine, kila moja ni nusu neva, nusu kiwanda cha homoni. Zikifanya uvimbe, homoni zinaweza kumwagika ovyo. Uso unawaka, tumbo linaenda.

Nilishangaa kusikia kuna kitu ndani yangu kinafanya overtime.

Test ni kukusanya mkojo masaa ishirini na nne kwa jerikeni. Sharti: siku tatu kabla, usile ndizi, zinapandisha ile kemikali wanapima.

Wakuu, mwambieni mtu wa Meru asile ndizi, na ndio chakula chetu cha kila siku.

Mama yangu alisikia naumwa, akaja siku hizo hizo na hotpot ya mukimo. Ndizi zimepondwa na mahindi. Akasimama hapo akingoja nionje. Wewe ungesema nini?

Nilijiambia ndizi ni kidogo. Nikala sahani mbili.

Majibu yakatoka juu sana. Daktari akauliza nilikula nini. Mama Kendi akajibu mbele yangu: "Mukimo. Mbili."

"Basi hatujui kama ni uvimbe ama ni mama yako."

Nikangoja wiki mbili kurudia, usingizi hakuna. Safari hii Mama Kendi alipokea hotpot kwa gate.

Majibu yakatoka juu tena. Sasa hakukuwa na mukimo wa kulaumu.

Scan ilionyesha uvimbe kwa utumbo mdogo na madoa kwa ini. Utumbo ulikatwa kipande, na kwa sababu ya ini nadungwa sindano ya kuzuia hizo homoni kila mwezi. Daktari anasema yanakua polepole. Nikamwambia tumefanana.

Funzo: sharti la daktari, mwambie mama mapema, kabla hajawasha jiko. Na uso ukiwaka bila pombe, usingoje nyumba ipekuliwe.

Siku hizi mama hupiga simu kwanza. "Wiki hii ni ya kukojoa ama ya kula?"

Kama kuna mwingine hapa anadungwa hii sindano, aseme anaendeleaje. Wenye kucheka, chekeni kwa zamu.