Silinda ya Nne

Wateja walimwita Cheche. Alikuwa akichomelea aluminiamu tangu ana miaka kumi na tisa, na mikono yake ilijaa madoa ya moto mpaka kwenye viwiko. Kwa miaka miwili alihangaika na manifoldi, lile bomba lenye matawi manne linaloigawia injini hewa, ya aina moja ya gari dogo la mbio. Wenye magari ya aina hiyo walikuwa wachache, wana klabu yao, na kila mmoja alililia nguvu zaidi.

Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, ndiye aliyezungumza na wateja. Asubuhi moja Cheche alifika karakana, akakuta kalibu ya mfano wa kwanza haipo. Mwezi haukuisha, shemeji akafunga manifoldi yenye jina lake kwenye gari lake mwenyewe na kuanza kupokea oda. Alipoulizwa habari za Cheche, alicheka.

"Yule? Alikuwa ananishikia tochi tu."

Neno hilo lilimfikia Cheche. Hakwenda kugombana. Alifunga vipima joto kwenye mfano wa kwanza aliobaki nao, akagundua kasoro: silinda ya nne ilivuta hewa nyingi kuliko nyingine, petroli haikuitosha, ikachemka vibaya. Akakata, akapinda, akachomelea upya. Mfano wa pili haukufaa; wa tatu ukagawa hewa sawasawa. Angeweza kumpigia shemeji simu amwonye. Hakupiga.

Mwenyekiti wa klabu, daktari wa meno, aliposikia kuna manifoldi mbili, akawaita wote wawili kwenye gereji yenye roli, zile ngoma za chuma zinazozungushwa na matairi ili kupima nguvu za injini. Wanachama walijipanga ukutani.

"Tangulia, shemeji," Cheche alisema kwa adabu zote. "Wewe ndiye mkubwa."

Roli zikazunguka. Mpimaji akakunja uso. "Joto la silinda ya nne linapanda. Nizime?"

Shemeji alimtupia Cheche jicho. Cheche alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Kanyaga!" shemeji akaamuru.

Injini ikanguruma, ikakohoa, ikatema moshi wa buluu. Walipoifungua, pistoni ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba.

Ikaja zamu ya Cheche, kwenye gari la daktari. Nguvu za farasi ishirini na mbili ziliongezeka, na joto la silinda zote likalingana. Daktari akamgeukia shemeji: "Hebu tueleze, ya kwako uliipima vipi?" Aliyeeleza ni Cheche, tawi kwa tawi, taratibu kabisa, mwizi wake akiwa amesimama palepale anasikiliza. Oda zote zikahama siku hiyohiyo.

Dada yake alipiga simu.

"Ulijua itaungua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza? Yule ni mume wangu, mdogo wangu!"

"Aliponiibia, dada, aliniambia?"

Simu ikakatwa. Hawakusemeshana miezi mitatu, na hilo lilimuuma Cheche, maana dada huyo ndiye aliyemlea. Lakini radhi hakuomba.