Vyura wa Polichronis

Polichronis hakuwahi kuchinja hata kuku. Kazi hiyo alimwachia mkewe, Argiro. Pale kijijini tulimtania sana, ingawa moyoni tulimpenda kwa hilo.

Alikuwa kibarua wa bwana mmoja kutoka Athene, aliyefuga vyura wakubwa wa Kimarekani kule bondeni ili auze mapaja yao mahotelini. Wateja hawakutokea. Bwana akapiga simu: "Wamwagie chokaa, ufunge geti."

Polichronis alikaa na mfuko wa chokaa mapajani hadi jua la utosi. Mwishowe aliwajaza kwenye madumu ya maziwa, akaenda kuwamimina katika bwawa letu la kumwagilia michungwa. Argiro alipouliza, alijibu, "Nimewamaliza."

Bwawani mle walikuwamo vyura wetu, wadogo, wa kijani na kahawia. Kila mwezi wa nne walipiga makelele hadi mkahawani tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti. Mwaka wa tatu ukaanza kusikika mlio mzito, kama wa ndama aliyepotea. Kufika mwaka wa saba, ulibaki huo tu.

Ndipo akaja binti mmoja mtafiti, Rodanthi, akampasua chura mkubwa pale pale juu ya meza ya mkahawa. Tumboni mlikuwa na wadogo wanne.

"Hawa wadogo hawapo popote duniani ila hapa kisiwani kwetu," alisema. "Nani kawaleta hawa wakubwa?"

Polichronis akaweka glasi yake chini. "Mimi."

"Wacha wee!" akacheka Stratis, mwenye mkahawa. "Wewe ambaye hata inzi unamfungulia dirisha?"

"Ndiyo hivyo. Niliwaonea huruma."

Stratis hakucheka tena. Argiro alipopata habari alilia. "Miaka yote hii nakuchinjia kuku, mwanaume wewe. Si ungeniita tu?"

Tangu hapo Polichronis hushuka bwawani kila asubuhi na wavu na rungu. Majuma ya kwanza alirudi akitapika. Siku hizi mkono hautetemeki, na hilo ndilo linalomuumiza Argiro.

"Jike mmoja anataga maelfu ya mayai," Rodanthi alimwambia. "Huwamalizi, mzee."

"Najua, binti yangu."

Mwaka jana magoti yalimgomea, kwa hiyo sasa Argiro huenda naye kumshikia wavu. Mdogo hata mmoja hawajamwona.